Bwana Ni Nani: Mtu au Kikombe?

Upande wa mashariki wa Kasongo, katika nchi ya Kabambare, ndipo ilipo Salamabila, mji ambao wengine huuandika Saramabila. Karibu yake viko vilima vya Namoya, ambavyo dhahabu yake yajulikana tangu siku za utawala wa Wabelgiji. Kampuni ya Banro ilijenga mitambo mikubwa huko, ikaanza kutoa dhahabu kwa biashara mwaka 2016, kisha mwezi wa Septemba 2019 ikasimamisha kazi kwa ajili ya machafuko ya silaha. Lakini kabla ya kampuni hiyo, na wakati wake, na baada yake, walikuwako daima watu wa sururu na koleo: wachimbaji wa mkono, waingiao shimoni asubuhi na kutoka jioni wamejaa udongo.

Fedha ya dhahabu haina tabia ya fedha ya shamba. Mihogo humlipa mwenye shamba baada ya miezi mingi, naye huwa ameshajua ataifanyia nini fedha yake. Dhahabu humnyima mtu majuma matatu, kisha humpa siku moja fedha ya miezi miwili. Mkono uliokuwa mtupu jana, leo umejaa, wala moyo haukupata nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana, karibu kila mahali dhahabu inapochimbwa namna hii, nyumba ya pombe haikosekani.

Hatuandiki maneno haya ili kuwatukana wachimbaji. Kazi yao ni ngumu kuliko kazi zetu wengi, na ulevi waonekana pia kwa mwalimu, kwa karani, kwa mkulima na kwa mfanya biashara. Swali tutakalo kulijibu leo ni moja tu: mtu atajuaje kwamba pombe si kiburudisho chake tena, bali imekuwa ugonjwa na msiba wa nyumba yake? Maana wengi hulijua jambo hilo siku ile ambapo kila jirani amekwisha kulijua zamani.

*Habari ya mchimbaji mmoja*

Tuchukue mfano. Mtu tutakayemsimulia si yule jirani unayemwaza sasa. Sura yake tumeifanyiza kwa mambo yaonekanayo katika nyumba nyingi.

Mtu huyo alikuwa na umri wa miaka 35, Mkristu mwenye ndoa, baba wa watoto wanne. Kazi yake ilikuwa kuweka miti ya kutegemeza mashimo yasibomoke, na wenzake walimwamini kwa sababu maisha yao yalikuwa mikononi mwake. Hapo kwanza alikunywa malafu ya mchikichi siku ya Jumamosi pamoja na rafiki zake, akarudi nyumbani akiimba. Mwaka wa pili alianza kunywa lotoko siku za kazi pia, akisema kwamba yamwondolea vumbi kooni. Mwaka wa tatu alikunywa kila jioni.

Hakuna aliyemwita mlevi. Hakuanguka njiani hata mara moja. Kinyume chake, walimsifu: «Huyu ana kichwa kigumu! Sisi twaanguka, yeye ndiye atupelekaye nyumbani.» Naye aliipokea sifa hiyo kwa furaha.

Asubuhi moja mkewe alimpa chai, akaona kikombe kikitetemeka mkononi mwake hata chai ikamwagika juu ya mkeka.

«Baba watoto, una homa?»

«Ni homa, ndiyo. Itapita.»

Akatoka nyuma ya nyumba, akanywa lotoko kidogo kutoka chupa aliyokuwa ameificha katika nyasi za paa. Baada ya muda mfupi mkono ukatulia. Tangu siku hiyo akawa na dawa yake ya kila asubuhi.

Ikaja siku ya kulipa minerval ya binti yake mkubwa, aliyekuwa katika shule ya sekondari. Baba aliuza dhahabu yake siku ya Jumamosi. Dominika asubuhi fedha ilikuwa imebaki nusu. Kabla ya kwenda Misa alimwambia mkewe: «Mama watoto, naapa, kesho sinywi. Fedha hii iliyobaki ni ya mtoto.» Machozi yalimtoka. Jumatatu jioni fedha ilikuwa imekwisha, na binti akarudishwa nyumbani.

Watu wengi wangesema: mtu huyu ni mwongo, hampendi mtoto wake. Sisi twasema hapana. Hakudanganya hata kidogo alipoapa. Alitaka kwa moyo wake wote. Lakini Jumatatu ile aliyeamuru hakuwa yeye. Nyumbani mwake alikuwamo bwana mwingine, na bwana huyo alikuwa kikombe.

*Vipimo visivyo vya kweli*

Kwa nini wenzake hawakumwona? Kwa sababu walikuwa na vipimo vya uongo, navyo vimeenea kila mahali.

Kipimo cha kwanza: «Haanguki, basi si mlevi.» Kumbe, mtu anywaye sana siku nyingi, ubongo wake huzoea sumu ile. Alichokisikia zamani kwa kikombe kimoja, sasa hakisikii mpaka vinne. Kichwa hicho kiitwacho kigumu si nguvu. Ni alama kwamba mwili umekwisha kupangwa upya kwa ajili ya pombe. Ini lake halikuwa gumu kama kichwa. Lapokea kila kikombe na kuumia.

Kipimo cha pili: «Mimi sinywi lotoko, nakunywa bia tu.» Na tufanye hesabu. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye alkoholi 5 kwa mia, ina karibu gramu 28 za alkoholi tupu. Kikombe kidogo cha sentilita 10 cha pombe kali yenye alkoholi 40 kwa mia kina gramu 31 na zaidi. Basi mtu aliyekunywa chupa tatu za bia na mtu aliyekunywa vikombe vitatu vidogo vya pombe kali wamebeba karibu mzigo mmoja. Mwili hauulizi jina la kinywaji. Nao huichoma alkoholi polepole, kwa kawaida gramu 7 hadi 10 kwa saa moja: chupa moja kubwa yahitaji saa tatu au nne. Maji baridi ya mto, kahawa kali na pilipili haviharakishi kazi hiyo. Amaliziye chupa tano saa sita za usiku hajawa mzima saa kumi na mbili za asubuhi, hata akisimama wima mbele ya shimo.

Kipimo cha tatu: «Sinywi kila siku.» Wapo wasiogusa pombe majuma mawili, lakini wakianza hawana kituo mpaka fedha imekwisha au wameanguka. Siku za kufunga kinywa si ushahidi wa uhuru, ikiwa siku ya kufungua hakuna awezaye kukizuia tena.

*Ishara tatu*

Basi kipimo cha kweli ni kipi? Shirika la Afya Duniani, liitwalo OMS kwa Kifaransa, lina orodha ya magonjwa yote itumiwayo na waganga wa mataifa. Toleo lake la 11 lilianza kutumika mwezi wa Januari 2022. Humo utumwa wa pombe wahesabiwa kuwa ugonjwa, nao watambuliwa kwa ishara tatu. Zikionekana mbili kati ya tatu, kwa kawaida katika muda wa mwaka mmoja, mtu huyo yuko katika utumwa.

Ishara ya kwanza ni kukosa amri. Mtu amekusudia kikombe kimoja, anywa sita. Amekusudia kurudi jua lichwapo, arudi jogoo awikapo. Ameapa mara nyingi, na kila mara kiapo kimevunjika.

Ishara ya pili ni pombe kushika nafasi ya kwanza. Polepole vitu vingine vyasogezwa nyuma: kwanza michezo na rafiki wasiokunywa, halafu Misa, halafu shamba, halafu chakula cha watoto. Mtu aona hasara kwa macho yake mwenyewe, hata hivyo aendelea.

Ishara ya tatu ni mwili kudai. Ahitaji vikombe vingi zaidi ili aisikie pombe. Akikosa, hutetemeka, hutoka jasho, hutapika, hakosi wasiwasi, usingizi hauji. Akinywa kidogo, mambo hayo yote hutulia. Pombe ya asubuhi iliyonywewa ili mkono usitetemeke ni kengele kubwa kuliko kuanguka mara kumi barabarani.

Mtazame sasa yule mchimbaji wetu. Alikuwa na zote tatu kabla hajaanguka hata mara moja.

*Maswali manne kwa mtu mwenyewe*

Sisi Wakatoliki twajua desturi ya kupeleleza moyo jioni kabla ya kulala. Daktari mmoja wa Marekani, John Ewing, alitunga maswali manne mafupi ambayo yalitangazwa mwaka 1984, na waganga wa nchi nyingi huyatumia hata leo. Twayaeleza kwa maneno yetu, na kila msomaji ajibu moyoni, bila shahidi:

1. Je, umepata kuwaza kwamba yakupasa kupunguza pombe?

2. Je, hukasirika watu wakikusema juu ya kunywa kwako?

3. Je, umepata kuona haya au majuto kwa sababu ya kunywa?

4. Je, umepata kunywa asubuhi mara tu uamkapo, ili kutuliza mwili au kuondoa uchovu wa jana?

Ukijibu «ndiyo» mara mbili, usijihukumu, lakini usinyamaze pia. Ni wakati wa kwenda kumwona mtu wa afya na kumweleza kweli yote. Na lile swali la pili tulitazame vizuri. Mtu mwenye afya akiulizwa kuhusu mguu wake, aonyesha mguu. Mwenye kidonda akiguswa, huruka.

*Majirani zetu, na uhuru wetu*

Kasongo ni nchi ambamo Waislamu na Wakristu wamekaa pamoja tangu mwanzo wa misheni, na pengine katika ukoo mmoja. Ndugu zetu Waislamu wamekatazwa kileo na dini yao. Sisi hatukukatazwa. Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana, na divai yawekwa juu ya altare kila siku. Wako wanaofanya jambo hilo kuwa ngao: «Padri mwenyewe anywa divai.»

Lakini aliyepewa uhuru amepewa na mzigo wa kujipima. Kanisa hufundisha kwamba kiasi ni fadhila, nayo ni mojawapo ya fadhila nne kuu. Hufundisha pia kwamba kutumia kileo kupita kiasi ni kosa, hasa pale mtu anapohatarisha maisha ya wengine kwa ulevi wake. Fikiri fundi wa shimo asimamishaye mti kwa mkono utetemekao, na watu kumi wako chini yake. Huyo hawezi kusema kwamba kikombe chake ni shauri lake peke yake.

*Kuacha kwa ghafula: hatari isiyojulikana*

Sasa tusikilize sehemu ya pili ya habari yetu, maana ndiyo sababu kubwa ya kuandika makala hii.

Binti aliporudishwa nyumbani, yule baba aliona haya kubwa. Kwaresima ilikuwa inaanza. Akasema: «Tangu leo sigusi tena.» Akavunja chupa zake, akajifungia chumbani. Mkewe akamshukuru Mungu. Siku ya kwanza alitetemeka na kutapika. Usiku wa pili mwili wake ukakakamaa, akaanguka na kutoka povu mdomoni. Siku ya tatu akaanza kuona wadudu wakitambaa ukutani, akasema na mjomba wake aliyekufa zamani, akataka kukimbia porini.

Jamaa wakakusanyika. Mmoja akasema: «Ni mapepo.» Mwingine akasema: «Ni wenzake wa shimoni wamemroga, wataka dhahabu yake.» Wengine walikwisha leta kamba ili wamfunge na kumpeleka mbali kwa mtu wa kuagua. Jirani mmoja mwanamke, aliyekuwa mwuguzi, alisikia kelele, akaingia, akauliza swali moja tu: «Alikunywa lini mara ya mwisho?» Walipomjibu, akasema: «Chukueni machela. Twende kituo cha afya sasa hivi.»

Wasomaji wapenzi, yafaa kila familia ijue neno hili. Pombe hutuliza ubongo. Ubongo wa mtu anywaye kila siku, ili usilale kabisa, hujisukuma kwa nguvu upande wa pili, kama mtu asukumaye mlango wakati mwenzake ausukuma toka nje. Yule wa nje akiondoka ghafula, wa ndani huanguka kifudifudi. Ndivyo ilivyo pombe ikiondolewa mara moja: ubongo hukurupuka wenyewe. Kutetemeka na jasho huanza baada ya saa chache. Kifafa chaweza kuja katika siku mbili za kwanza. Kuona mambo yasiyokuwako, pamoja na homa na kuchanganyikiwa, mara nyingi huja siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo ya mwisho isipotibiwa yaweza kuua.

Haya si mapepo wala uchawi. Yana dawa. Kwenye kituo cha afya au hospitali huweza kutolewa dawa ya kutuliza ubongo kwa kipimo kinachopunguzwa siku kwa siku, maji, chakula, na vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa, na ambayo ikikosekana kabisa yaweza kuharibu kumbukumbu ya mtu milele. Dawa hizo zasimamiwa na mtu wa afya. Mtu asijinunulie sokoni kwa kukisia.

Kwa hiyo twasema wazi: mtu anywaye kidogo aweza kuacha leo. Bali mtu anywaye sana kila siku, hasa yule atetemekaye asubuhi, asiache kwa ghafula peke yake chumbani. Akusudie kuacha, ndiyo, lakini aanze kwa kwenda kwa mganga wa hospitali. Nia yake njema isiwe kifo chake.

Katika jambo hili nchi yetu haina sababu ya kuona haya. Katika miaka ya 1970 Kasongo ilijulikana ulimwenguni kwa kazi ya afya iliyofanywa na Wakongo pamoja na madaktari wa Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Antwerpen, Ubelgiji. Walionyesha kwamba vituo vidogo vya afya vilivyo karibu na watu, vikitegemezwa na hospitali moja, vyaweza kuhudumia nchi nzima. Leo Salamabila nayo ina zoni yake ya afya. Basi mlango upo. Shida ni kwamba mlevi haoni kama mlango huo ni wake pia. Twadhani kituo cha afya ni cha malaria na cha uzazi tu, na ulevi ni wa padri na wa wazee. Ni wa wote.

*Jamaa yafanye nini*

Mke, ndugu na rafiki huuliza: tumfanyie nini mtu wetu? Tuna maneno manne.

La kwanza: chagueni saa. Kumgombeza mtu usiku akiwa amelewa ni kumwaga maji juu ya jiwe. Semeni naye asubuhi, kwa upole, mbele ya mtu mmoja amheshimuye. Wala msimwambie «wewe ni mlevi», mwambieni jambo lenyewe lililotokea: «Jumatatu fedha ya minerval ilikwisha. Leo mtoto yuko nyumbani.» Jina la matusi hukanushwa, jambo lililotokea halikanushwi.

La pili: msimfichie. Mke aendaye kulipa madeni ya lotoko kwa siri, au kumwambia mkuu wa kazi kwamba mumewe ana homa, afanya hivyo kwa upendo. Lakini kila deni alilipalo kwa siri humwongezea bwana yule wa pili mwezi mmoja wa kutawala.

La tatu: msimtume mtoto kununua pombe, hata mara moja. Mtoto hujifunza njia ya miguu kabla ya njia ya akili. Nanyi wanafunzi, jihadharini na vile vifuko vidogo vya pombe kali viuzwavyo kwa bei ndogo. Tanzania ilivikataza tangu tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikavikataza mwaka 2019. Mojawapo ya sababu ni kwamba vilikuwa rahisi mno kufika mikononi mwa watoto wa shule.

La nne: kukiwa na kipigo nyumbani, mama na watoto waende kwanza mahali pa salama, kwa ndugu au kwa jirani. Uvumilivu wa ndoa haumdai mtu akae chini ya fimbo. Na mama mwenye mimba asinywe pombe yoyote, maana yote anywayo humfikia mtoto tumboni.

*Na mama apikaye lotoko?*

Itakuwa rahisi sana kuwalaumu akina mama wapikao lotoko kwa mahindi na mihogo. Lakini tunawajua. Wengi wao ni wajane, au wake wa watu ambao fedha yao yaishia katika kikombe cha mama mwingine. Wapika ili watoto wao wasome. Basi mama huyu alipa minerval ya mwanawe kwa fedha iliyokuwa minerval ya mtoto wa jirani, na jirani naye afanya vivyo hivyo. Ni duara ya huzuni, na hakuna mama awezaye kuivunja peke yake. Vikundi vya akina mama vya parokia, kwa kuweka akiba pamoja na kukopeshana mtaji wa mafuta ya mawese, wa mchele au wa sabuni, vyaweza kumfungulia mmoja mmoja njia ya kutoka.

Na wale wachanganyao pombe na spiriti za viwandani ili ipate ukali, wajue wanauza kifo. Mwezi wa Novemba 2000, huko Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyokuwa na methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Aprili 2010, katika Kabale ya Uganda, walikufa makumi ya watu kwa sumu hiyo hiyo. Methanoli haina rangi, na mnywaji hawezi kuitofautisha kwa ulimi.

*Mchukuzi wa Dublin*

Je, mtumwa wa pombe aweza kuwa mtu huru tena? Tuutazame mfano mmoja wa kweli. Matt Talbot alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1856, katika nyumba ya watu maskini. Alipokuwa na miaka 12 alianza kazi kwa wauza vinywaji, na hapo hapo akaanza kunywa. Alikuwa mfanyakazi hodari, lakini mshahara wake wote uliishia katika nyumba za pombe. Siku moja yeye na wenzake walimwibia kipofu mpiga zeze chombo chake, ndicho riziki yake, wakakiuza ili wanywe.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, hakuwa na kazi wala fedha. Akasimama nje ya nyumba ya pombe siku ya mshahara, akingoja rafiki zake aliowanywesha mara nyingi. Wakapita mbele yake, hakuna aliyemwalika. Akarudi kwa mama yake, akamwambia amekusudia kuacha. Hakuapa kwa maisha yote: aliahidi mbele ya padri miezi mitatu tu. Miezi hiyo ilikuwa migumu sana. Ilipokwisha, akaahidi tena, na tena, hata akakaa miaka 41 bila kunywa. Alifanya kazi ya kubeba mizigo, akalipa madeni yake, akamtafuta yule kipofu mjini asimpate. Alifariki tarehe 7 Juni 1925, akiwa njiani kwenda Misa. Mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mstahiki.

Tujifunze kwake mambo mawili. Kwanza, ahadi fupi yenye kutimizwa ni bora kuliko kiapo kirefu. Pili, hakubaki peke yake: alikuwa na mama, na padri, na baadaye marafiki wapya. Watu wa Akron huko Marekani walionyesha jambo hilo hilo tangu mwaka 1935, walipoanzisha vikundi ambamo walevi husaidiana wenyewe kwa wenyewe, siku moja moja. Na mtawa Mkatoliki, Sista Ignatia, aliwafungulia wagonjwa hao milango ya hospitali ya Mtakatifu Thoma mwaka 1939. Na chama cha Pioneer, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na Padri James Cullen, Mjezuiti, kilifika hata Kenya, Uganda na Tanzania. Wanachama wake hujinyima kileo kwa ajili ya kuwaombea walio katika utumwa huo.

Na yule mchimbaji wetu? Alikaa kitandani siku saba katika kituo cha afya. Alirudi amekonda, lakini mkono umetulia. Hakurudi kwa wenzake wa jioni. Baada ya kazi alipita kwa katekista wa kijiji, wakazungumza mpaka saa ya kiu ipite. Baada ya miezi mitano alianguka: arusi, kikombe kimoja, kisha vingi. Zamani angesema: «Nimeshindwa, na niendelee.» Safari hii asubuhi alimwambia mkewe mwenyewe, wakaenda wote wawili kwa mwuguzi yule yule. Mwaka uliofuata binti alirudi shuleni, darasa moja nyuma ya wenzake.

Wasomaji wapenzi, leo jioni, kabla hujaliambia jina la jirani swali letu, jiambie mwenyewe: katika mambo ya kikombe, mimi naamuru au naamriwa? Ukiona umeamriwa, usingoje kuanguka njiani. Kesho asubuhi, mtu mmoja ajue kweli yako, na mguu wako ushike njia ya kituo cha afya.